SOMO LA ROBO HII: Diski ya SSD ya Bei Nafuu, Tuipime Kabla ya Kuinunua



Katika kikao cha kamati ya uchumi hapa Kiruruma lililetwa ombi la kununua kompyuta mpya ya ofisi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli. Karani akiwasha mashine asubuhi, anaweza kufagia ofisi nzima na kurudi akaikuta bado haijawa tayari. Wanaofuata cheti cha ubatizo wanakaa kwenye benchi wakisubiri, na wengine wametembea kutoka vigango vya mbali.

Kabla ya kuwaandikia wafadhili, tulimwomba fundi aifungue mashine. Akatuambia kwamba mashine ni nzima, ila diski yake ndiyo iliyochoka. Akashauri tuweke diski ya SSD ya bei nafuu, ambayo ingegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Wajumbe wengi walifurahi. Lakini mama mmoja anayetunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa akauliza: "Na hiyo ikifa, hesabu zetu zitakuwa wapi?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Siku moja umeme ulikatika akiwa anaandika, na faili la hesabu za miezi mitatu halikufunguka tena. Wanakikundi walilazimika kukumbushana kwa mdomo nani amelipa na nani bado. Wapo wawili ambao hawajapatana mpaka leo. Swali la mama huyu ndilo tulilolifanya somo la robo hii.

Kwa nini mashine inachelewa

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaotafuta taarifa juu yake, na diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kila faili likihitajika, mkono husogea, kisha husubiri sahani ifike mahali pake. Kwa sekunde moja unaweza kufanya hivyo mara kama mia moja hivi, au pungufu. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo, ndiyo maana tunasubiri.

SSD haina kitu kinachozunguka. Taarifa hukaa kama chaji ya umeme ndani ya vijumba vidogo sana, namna ileile ya flashi tunazobeba mfukoni. Aina hii ya kumbukumbu, iitwayo NAND, ilibuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba huko Japani katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna mkono wa kusubiri, SSD husoma mafaili madogo maelfu kwa maelfu kwa sekunde. Hata ya bei nafuu huifanya kompyuta ya zamani iwake upesi.

Boksi linavyosema, na lisivyosema

Maboksi mengi hutangaza mwendo, kwa mfano megabaiti 500 kwa sekunde. Ndugu wanakamati, msilipie mwendo peke yake. Kompyuta nyingi za zamani zina njia ya SATA ya kizazi cha pili, ambayo haipitishi zaidi ya megabaiti 300 hivi kwa sekunde. Diski ghali na diski nafuu zikiwekwa kwenye mashine kama hiyo, karani hataona tofauti kubwa. Tofauti yake iko kwenye mambo matatu.

La kwanza ni uhai. Vijumba huchakaa kila vinapoandikwa upya, hivyo mtengenezaji hutaja kiasi cha kuandika anachokidhamini. Kingston A400 ya gigabaiti 240 imetajwa kuwa na terabaiti 80 na dhamana ya miaka 3. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250, ambayo ni ya daraja la juu zaidi, ina terabaiti 150 na miaka 5. Tupige hesabu: ofisi ikiandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa parokia, terabaiti 80 zitachukua siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Kwa kazi yetu, hapo diski nafuu haina tatizo.

La pili ni kukatika kwa umeme. Diski za bei nafuu hazina akiba ya umeme ndani yake ya kumalizia kazi umeme unapokatika ghafla. Kilichokuwa kikiandikwa wakati huo kinaweza kuharibika, na mara nyingine diski nzima ikakataa kusomeka. Kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, jambo hili ni zito kuliko mwendo.

La tatu ni namna inavyokufa. Diski ya kuzunguka mara nyingi hulia au huanza kusuasua, ukapata muda wa kuokoa vitu. SSD inaweza kufanya kazi vizuri leo na kesho isionekane kabisa, na kuokoa taarifa zake ni kazi ngumu na ya gharama.

Vipimo kabla ya kupokea mzigo

Diski ikishanunuliwa, iwe Omurushaka, Kayanga, Bukoba au Mwanza, kamati ifanye haya:

1. Idai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Bila hivyo hakuna pa kuirudisha.
2. Fundi aisome kwa programu kama CrystalDiskInfo, aangalie saa ilizokwisha kufanya kazi. Diski mpya isiwe na mamia ya saa.
3. Ijazwe yote na kusomwa tena kwa programu kama H2testw au F3. Zipo diski bandia zinazojitangaza kuwa kubwa kuliko zilivyo, na vitu vinavyozidi ukubwa wake wa kweli hupotea.
4. Matokeo yaandikwe, yasainiwe na fundi na mjumbe mmoja, kisha yawekwe kwenye faili la manunuzi. Wafadhili wana haki ya kuyaona.

Kipimo cha tatu kinaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Msikubali kuharakishwa.

Tulichoamua

Tulinunua SSD ya gigabaiti 240 ya bei nafuu. Lakini hatukuinunua peke yake. Katika bajeti hiyohiyo tuliweka UPS ndogo, inayompa karani dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu, pamoja na diski ya nje ya kuwekea nakala. Kila Ijumaa mafaili hunakiliwa, na diski ya nje hufungiwa katika jengo lingine. Kwa kazi hii tulichagua diski ya kuzunguka kwa makusudi, kwa sababu SSD ikikaa muda mrefu bila umeme hupoteza chaji polepole. Hesabu za kikundi huchapishwa kila mwisho wa mwezi na kusainiwa.

Jumla ilizidi bei aliyotutajia fundi mwanzoni, na tuliwaeleza wafadhili sababu. Bado ilikuwa chini ya bei ya kompyuta mpya.

Liko jambo ambalo SSD haikulitatua. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu haitimizi masharti ya Windows 11. Tumeweka Linux Mint na LibreOffice, ambazo hazina malipo. Karani alihitaji muda wa kuzizoea, na muda huo nao ni gharama. Kama mashine yenu ina kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 2 tu na haiongezeki, au bodi yake ina hitilafu, msiiwekee diski mpya.

Diski ya zamani nayo isitupwe wala kuuzwa hivihivi. Ina majina ya waumini, namba za simu na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai tuzilinde. Yetu ilifutwa kwa programu maalumu, kisha ikatobolewa mbele ya mashahidi wawili.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta yetu ikiibwa usiku wa leo, kesho tutatoa cheti cha ubatizo kutoka wapi?
2. Nani ana jukumu la nakala, na nani hulishika akisafiri?
3. Mara ya mwisho tulipojaribu kufungua nakala hiyo na kuisoma ilikuwa lini?

Yule mama hakuridhika siku diski ilipofungwa. Aliridhika ile Ijumaa tuliyochomoa SSD, tukaweka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, na hesabu za kikundi zikafunguka mbele yake. Tunawaomba nanyi mjaribu hivyo kabla ya kutuletea ombi la robo ijayo.