Vyuma havitakupa mikono ya kiume

Swali: Nina miaka 41 na nyama za nyuma ya mikono zimelegea. Nikinyanyua vitu vizito, sitatuna misuli kama mwanamume?

Jibu: Hapana, dada. Testosteroni, homoni inayotunisha misuli, mwanamke anayo kidogo mno. Anza na pushapu za ukutani: viwiko karibu na mbavu, shuka polepole, sukuma. Kisha kaa kitini, shika chupa ya maji ya lita 1.5 kwa mikono miwili, ipandishe juu ya kichwa, ishushe kisogoni, ipandishe tena. Fanya mara 10 hadi 12, seti 3, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana. Ukiona wepesi, ongeza uzito. Mazoezi ya mkono peke yake hayayeyushi mafuta ya mkono, kwa hiyo tembea pia, na ule maharage, mayai au dagaa ili kujenga misuli. Bega likiuma, pumzika.