SOMO LA KIKUNDI: MASHAHIDI WA UFUFUO

Someni kwanza: 1 Wakorintho 15:1-8 na Yohana 20:1-18



Ugomvi wa mpaka wa shamba ukifika kwa wazee, swali la kwanza huwa ni hili: nani alikuwepo mpaka ulipowekwa? Mtu akisema "nilisikia," neno lake halina uzito. Akisema "nilikuwepo, na fulani na fulani walikuwepo, waiteni," hapo wazee wanamsikiliza. Leo tutauliza swali hilo juu ya kufufuka kwa Yesu. Tusiogope kuuliza, maana Paulo mwenyewe alikubali kwamba kama jambo hili halikutokea, sisi Wakristo tunajidanganya.

1. Mashahidi walitajwa
Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, huko Ugiriki, kama mwaka 55. Yesu alisulubiwa kati ya mwaka 30 na 33. Basi ilikuwa imepita miaka 20 na kitu tu. Paulo anamtaja Kefa (yaani Petro), wale Kumi na Wawili, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500, ambao wengi wao walikuwa bado hai. Ni kama kusema: mkitaka, nendeni mkawaulize. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa na Petro siku 15 kule Yerusalemu, akamwona Yakobo pia (Wagalatia 1:18-19).

2. Wa kwanza walikuwa wanawake
Injili zote nne zinamtaja Mariamu Magdalene kaburini. Siku hizo ushahidi wa mwanamke haukuthaminiwa. Josephus, mwandishi Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika ati usikubaliwe. Hebu fikirini: mtu akitunga hadithi ili aaminiwe, mbona achague mashahidi ambao watu watawakataa?

3. Wasioamini walibadilika
Ndugu zake Yesu hawakumwamini (Yohana 7:5). Lakini baadaye Yakobo akawa kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na mwaka 62 akauawa kwa kupigwa mawe. Josephus, ambaye hakuwa Mkristo, aliandika habari za kifo hicho. Ni nini kilimgeuza Yakobo? Paulo anajibu: alimwona ndugu yake akiwa hai.

Je, hayo yanamaliza ubishi? Hapana. Tangu zamani wako waliosema mwili uliibwa (Mathayo 28:11-15), na hata leo wako wasomi wanaosema wanafunzi waliona maono tu. Jirani akisema hivyo, tusimkemee. Tukae naye, tumsikilize, tumweleze sababu zetu kwa upole. Ushahidi unatuonyesha kwamba hatuamini upuuzi. Kumtegemea Kristo ni uamuzi wa kila mtu.

Tena tukumbuke, kijiji hakiwezi kumwita Petro atoe ushahidi, lakini kinatuona sisi kila siku. Tukila pesa za kikundi, au tukisogeza mpaka wa mjane, nani atatusadiki tukisema Kristo yu hai?

Maswali ya kujadiliana
1. Sisi humwamini shahidi wa namna gani? Kwa nini?
2. Je, kina mama wanasikilizwa katika mikutano yetu?
3. Daftari la mweka hazina wetu liko wazi kwa kila mwanachama?
4. Mwezi huu tutafanya nini ili maneno yetu yaaminike kijijini?

Malizeni kwa sala.