Mafunzo Niliyopata Vikaoni Nikiwa Mgonjwa wa Akili

Mimi ni mkulima wa mpunga na ufuta Ivuna, wilayani Momba. Naishi na ugonjwa wa akili na dawa natumia. Kituo chetu cha afya kilipoanza kutuita wagonjwa na ndugu wanaotuuguza ili tuseme nini kirekebishwe, nilikwenda, na bado naendelea kwenda. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anayemeza dawa anajua yasiyoandikwa kwenye faili. Wahudumu walisema wagonjwa wanakataa dawa. Sababu tulikuwa nayo sisi. Haloperidol inaweza kukukakamaza shingo na kukutetemesha mikono hata jembe likushinde, na msimu wa palizi haumsubiri mtu. Ipo dawa ya kupunguza madhara hayo, benzhexol, ambayo wengi huiita Artane. Tukaomba kila anayeanzishiwa dawa aelezwe mapema, yeye na nduguye, ni dalili zipi akiziona arudi haraka kituoni. Kaka mmoja alisema chlorpromazine inamlaza mchana kutwa shambani. Daktari akampangia kuinywa usiku. Haikugharimu hata shilingi.

2. Kliniki ifuate mvua. Masika yakikolea huku bonde la Rukwa, mito hujaa na barabara huwa tope tupu. Anayekosa dawa wakati huo huenda akaugua upya, na lawama huangukia ushirikina. Tuliomba waliotulia wapewe dawa za miezi miwili kabla mvua haijachanganya.

3. Mmoja hatoshi. Mwenye kifafa ana yake, aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua ana yake, na mama anayemlinda kijana wake usiku kucha ana yake pia. Ukimwita mgonjwa mmoja tu, tena mpole, umeweka pambo.

4. Nauli na posho. Mtaalamu akija kikaoni hulipwa. Mgonjwa aliyeacha kibarua na kupanda bodaboda naye alipwe.

5. Anayerudi nyumbani apokewe na aliyewahi kurudi. Hili ndilo ninalolililia zaidi. Mtu akitoka hospitali, iwe Mbeya au Mirembe kule Dodoma, anakuta kijiji kizima kinamtazama: watoto wanamkimbia, mkewe anaficha visu. Nesi atampa tarehe ya kliniki. Lakini ni mimi ninayeweza kumwambia kwamba aibu ile hupungua, kwamba nimeolewa na nalima, na akaniamini kwa kuwa ananiona. Uganda, katika hospitali ya Butabika jijini Kampala, waliowahi kulazwa wamefundishwa kuwasaidia wagonjwa wenzao, wodini na majumbani. Sisi tunafanya hivyo kwa mapenzi tu, bila mafunzo wala kitambulisho.

6. Ni haki yetu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Ibara ya 4 inaitaka serikali ishauriane nasi kwa karibu katika maamuzi yanayotuhusu, na mkataba huo unawahusu pia wenye ulemavu wa akili wa muda mrefu.

Waganga wakuu wa Momba, Mbozi, Ileje, Songwe na Tunduma, nawaomba: mnapopanga bajeti ya mwaka ujao, tuiteni kabla hamjaifunga, na muweke humo fungu la kuwafundisha na kuwalipa waliopata nafuu wanaowatembelea wenzao.