Springi na Oili: Kazi Mbili Katika Shokapu za Pikipiki

Pikipiki ya zamani inapoingia shimoni, mara nyingi husikika mlio wa chuma kugonga chuma, kisha usukani ukachezacheza. Wengi husema papo hapo kwamba springi zimekufa. Pengine ni kweli, pengine sivyo. Somo hili laeleza jinsi ya kutambua kwa kupima, si kwa kukisia.

Kila shokapu ya mbele ina mabomba mawili, moja likiteleza ndani ya jingine. Ndani yake mna springi na oili. Kazi ya springi ni kubeba uzito. Kwa kanuni aliyoieleza Robert Hooke mwaka 1678, springi hubonyea kwa kadiri ya kani inayoikandamiza. Tuseme kila springi yahitaji nyutoni 5 ili ibonyee milimita 1. Springi mbili pamoja zitahitaji nyutoni 10. Basi mzigo wa nyutoni 300 utazibonyeza milimita 30.

Lakini springi hurudisha karibu nishati yote iliyopokea. Ikiachwa peke yake, gurudumu litarukaruka, na gurudumu lililo hewani haliwezi kusimamisha pikipiki hata breki ikifungwa. Kwa hiyo oili husukumwa ipite katika vitundu vyembamba, na nishati ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Pikipiki ya BMW R12 ya mwaka 1935 ilikuwa na shokapu za namna hii.

Jaribio la kwanza ni la springi. Egemeza pikipiki imara, gurudumu la mbele lisiguse ardhi, upime urefu wa bomba la ndani unaoonekana. Kisha ishushe, mwendeshaji aketi huku mwenzake akiishikilia, upime tena. Tofauti iwe baina ya robo na theluthi ya urefu wote ambao shokapu yaweza kubonyea: kwa milimita 120, ni 30 hadi 40. Ikizidi, kipande cha bomba cha milimita 10 kikiwekwa juu ya kila springi kitainua mbele kwa kiasi hicho hicho. Hata hivyo, springi haikuongezeka ugumu. Ikiwa shokapu bado zagonga, springi zibadilishwe.

Jaribio la pili ni la oili. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu, kisha uuachie. Yapasa uinuke mara moja na kutulia. Ukipanda na kushuka mara kadhaa, oili imechakaa au ni nyepesi mno. Oili nzito mno nayo ina madhara: penye matuta mfululizo, shokapu haziwahi kunyooka kabla ya tuta linalofuata. Tia kiasi sawa pande zote mbili, wala usizidishe, kwani hewa iliyobanwa juu ya oili yaweza kuharibu sili.

Zoezi: Katika mfano wetu wa springi mbili, mzigo ukiongezeka kwa nyutoni 150, shokapu zitabonyea milimita ngapi zaidi? Je, oili nzito ingebadili jibu lako pikipiki ikiwa imesimama? Eleza kwa nini.