Mpende Gikundiro, lakini hesabu ianzie jikoni

Wadogo zangu, najua wengi wenu mko kwenye ubishi mmoja siku hizi, maana hapa Nyamirambo, Kigali, hakuna kijiwe kisichouzungumzia: tiketi ya msimu ya klabu yetu ya Rayon, tulipe au tusilipe? Ukipita Biryogo jioni utawasikia. Mmoja anasema shabiki wa kweli hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenzake anamjibu kwamba hali ilivyo, hata kilo ya maharage inamtoa jasho, huo mkupuo autoe wapi?

Wote wawili nawaelewa, na sitawaficha msimamo wangu. Tiketi ya msimu ni matumizi ya nyumbani kama matumizi mengine. Ikae kwenye orodha moja na mchele, kodi na ada ya shule, ijadiliwe hapo. Isigeuzwe kipimo cha nani anaipenda timu zaidi ya nani.

Kuna mama mmoja ameniandikia akiwa na uchungu. Mumewe ni Mu-Rayon wa damu. Zamu yao ya ikimina, yaani kikundi cha kuweka akiba, ilipofika, pesa zilipangwa kwenda kwenye mituweli, bima ya afya ya familia. Bwana akaondoka nazo asubuhi, akarudi na tiketi ya msimu na skafu mpya ya buluu na nyeupe. Mama anauliza kama ana haki ya kukasirika, au ni yeye tu asiyejua mapenzi ya mpira.

Mdogo wangu, haki unayo. Na wewe shemeji, kama unasoma, nisikilize bila kukunja uso. Kosa lako halikuwa kuipenda Rayon. Ulichukua pesa iliyokwisha kupewa kazi, ukaipa kazi nyingine bila kumwambia mwenzio. Hata ungenunua mbuzi, ugomvi ungekuwa ule ule. Zungumzeni leo usiku, watoto wakishalala. Mwambie ukweli, kisha mpange mituweli italipwa na pesa ipi na kwa tarehe gani. Na wewe mama, ukishamsikiliza, usiitukane timu. Mtu aliyekulia kwenye jezi hiyo akisikia inatukanwa, masikio yanaziba hapo hapo.

Mapenzi hayo yana mizizi, hayo nayo tuyaheshimu. Rayon ilizaliwa Nyanza mwaka 1968, na watu hawakuiita Gikundiro, yaani kipenzi, kwa bahati mbaya. Mwaka 2018 ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, jambo ambalo klabu ya Rwanda haikuwa imewahi kulifanya. Ubingwa wa ligi iliuchukua 2019, kisha wapinzani wake APR wakaanza kuubeba mwaka baada ya mwaka, na bado majukwaa ya buluu hayakuhamwa. Juni 2023, Rayon ilipoifunga APR 1-0 kule Huye katika fainali ya Kombe la Amani, kuna watu wazima walilia kama watoto. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mpira ni mchezo tu.

Lakini mfuko nao una historia yake. Novemba 2022 bei mijini zilikuwa zimepanda kwa asilimia 21.7 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Kasi hiyo ilipungua baadaye, ila kupungua kwa kasi hakukurudisha bei zilikotoka, na anayekwenda sokoni Kimironko hahitaji kuelezwa. Kisha Machi 2024 serikali ikaondoa ruzuku ya mabasi, nauli za Kigali zikapanda. Shabiki wa Kabuga au Kanombe anayekuja Nyamirambo analipa nauli ya kuja na kurudi, na mechi ya jioni ikichelewa kwisha anaongeza nauli ya moto, yaani pikipiki. Hayo yote hayamo kwenye bei iliyoandikwa kwenye tangazo la klabu.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa mituweli huanza Julai 1. Ligi huanza Agosti au kuingia Septemba. Shule hufunguliwa Septemba. Klabu inakuomba pesa ya mwaka mzima miezi ile ile ambayo nyumba nayo inadai. Tangu 2022, ada ya mwanafunzi wa bweni kwenye sekondari ya serikali iliwekwa faranga 85,000 kwa muhula, na wa kutwa 19,500. Mwenye watoto wawili sekondari anajua Septemba ina uzito gani. Kwa hiyo mzazi anayesema "mwaka huu sitaweza" hajaisaliti timu. Amesoma kalenda vizuri.

Sasa chukua kalamu, hapa ndipo wengi mnaponunua kwa moyo peke yake. Ligi kuu yenye timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu, na 15 tu ndizo za nyumbani. Tuseme kiingilio cha jukwaa lisilo na paa ni faranga 3,000. Mechi zote 15 ni 45,000. Tuseme tena klabu inakuuzia msimu mzima kwa 40,000. Inaonekana umeokoa 5,000. Jiulize basi bila kujidanganya: msimu uliopita ulifika uwanjani mara ngapi? Wewe mwenye duka huwezi kufunga Jumatano saa tisa alasiri. Wewe nesi una zamu za usiku. Harusi za jamaa haziangalii ratiba ya ligi, na mvua ya Aprili kwenye jukwaa lisilo na paa mnaijua wenyewe. Ukihudhuria mechi tisa, mlangoni ungelipa 27,000. Maana yake tiketi ya msimu imekula 13,000 zako bure. Kwa kiwango cha 3,000 kwa kichwa ambacho familia nyingi zimekilipa kwa miaka mingi, hiyo ni mituweli ya watu wanne na chenji juu.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu Kigali ambalo wageni wa mpira hawalijui. Timu nyingi za mji huu zinatumia uwanja mmoja, ule wa Nyamirambo tuliouita Stade Régional hadi Machi 2023 ulipopewa jina la Pelé. Rayon wanachezea pale, Kiyovu wanachezea pale, AS Kigali na Gasogi nao wamechezea pale pale. Na mapato ya mlangoni ni ya timu mwenyeji. Siku Rayon ni mgeni wa Gasogi, unapanda kilima kile kile, unakaa pengine kiti kile kile, lakini tiketi yako ya msimu haifungui mlango. Vivyo hivyo kwa mechi ya APR: mnakutana mara mbili kwenye ligi, na ile ambayo APR ni wenyeji utailipia upya. Nimeona watu wakibishana na walinzi mlangoni kwa sababu hakuna aliyewaeleza hili mapema. Mlinzi hana kosa, na wewe ulinunua bila kuuliza.

Kwa hiyo ulizeni. Kabla hujabonyeza namba ya siri ya simu kulipa, uliza kama tiketi inahusu Kombe la Amani na mechi za Afrika. Uliza kama mechi kubwa ikihamishiwa Amahoro, ambayo tangu ifunguliwe upya Julai 2024 inachukua watu 45,000, kiti chako kinakufuata au kinabaki Nyamirambo. Uliza kama siku una zamu kazini unaweza kumpa mdogo wako aingie nayo. Na uliza itakuwaje ikitokea kama ya Machi 2020, corona ilipoisimamisha ligi njiani. Klabu yenye majibu ya maandishi, iamini. Ikikujibu "tutaona", subiri uone kwanza.

Nisiwaonee viongozi wa klabu, maana upande wao nao una ukweli. Usione vyaelea, vimeundwa. APR ina jeshi nyuma yake, Police FC ina polisi, AS Kigali ina jiji. Rayon na Kiyovu wanaishi kwa wadhamini, wanachama na mlango wa uwanja. Mwaka 2024 Kiyovu walizuiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni, na kila mpenzi wa kijani na nyeupe aliumia. Pesa ya tiketi za msimu inaingia mapema, kabla mpira haujaanza, na ndiyo inayoweza kulipa mshahara wa Agosti na Septemba mlango ukiwa bado umefungwa. Ndugu yangu uliyejaliwa, ambaye 40,000 hazitikisi sufuria yako, lipa. Lipa hata kama utakosa mechi sita, kwa sababu unajua unachangia. Nitakupongeza hadharani.

Ninachokataa ni kumdhalilisha asiyeweza. Kijana anatembea kwa mguu kutoka Kimisagara, ananunua tiketi ya mechi moja, anaimba dakika 90 hadi sauti inakauka, halafu mwenye kiti cha VIP anamwita shabiki wa msimu wa mvua. Hapana. Wimbo wa yule kijana ndio unaomfanya mdhamini aitamani klabu hii. Wasichana mnaoniandikia kwamba mnaonekana si mashabiki kamili kwa kuwa hamna skafu mpya wala tiketi ya mwaka, nawaambia vivyo hivyo: ingieni kwa tiketi ya siku, kaeni mbele, imbeni.

Na mkitaka kuiambia klabu kwamba bei imezidi, semeni pamoja. Wapenzi wa Liverpool mnaikumbuka Februari 6, 2016, siku ya Sunderland. Wamiliki walikuwa wametangaza tiketi ya pauni 77. Dakika ya 77 maelfu ya mashabiki wakainuka na kutoka Anfield, timu ikiongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. Hazikupita siku nyingi wamiliki wakaifuta bei ile na kuomba radhi. Sisemi mtoke Nyamirambo dakika ya 30. Nasema mnavyo vikundi vya mashabiki vilivyo na viongozi, orodha za wanachama na michango ya kila mwezi. Kikundi chenye watu mia moja kikienda ofisini kuomba tiketi ilipwe kwa awamu tatu, Agosti, Oktoba na Januari, hakuna kiongozi mwenye akili atakayekifukuza. Ombeni pia bei ya mwanafunzi. Ombeni tiketi ya nusu msimu. Na mkiwa pale, ombeni taarifa ya pesa za msimu uliopita: ziliingia ngapi, zilifanya nini. Anayetoa pesa yake wakati mgumu anastahili kujua.

Nimalizie na kijana wa Gisozi, dereva wa moto, aliyeuliza kama akope kwenye simu ili awahi bei ya punguzo. Hapana, mdogo wangu. Mkopo wa simu unarudishwa ndani ya muda mfupi pamoja na gharama yake, na tiketi ya msimu haikuingizii hata faranga moja ya kuulipa. Mwezi huo huo unahitaji mafuta, na moto ikikwama gereji huna pa kushika. Fanya hivi: kila Jumapili jioni, kabla hujatumia pesa ya siku, weka 1,000 pembeni kwenye simu, mahali ambapo huzigusi. Kila wiki ya tatu una 3,000, ni mechi moja. Chagua Jumamosi ambazo abiria ni wachache alasiri, na ile ya APR ianze kuiwekea mapema, maana kiingilio cha siku hiyo huwa juu. Ukifika Desemba bila deni na bado unatamani, nenda na wenzako wa kikundi mkaulize bei ya mzunguko wa pili.