Mchoro wa zamani, hasara mpya

WIKI hii tunaangalia michoro ya majengo, kwani gharama ya nondo huanzia hapo.

Chukua mfano. Mchoro wa kwanza unataka nondo 200 za milimita 12, kila moja mita 12. Uzito wake ni tani 2.1 hivi. Mhandisi akizibadili kuwa za milimita 16, idadi ikiwa ileile, uzito unafika tani 3.8. Mkandarasi aliyeagiza kwa mchoro wa kwanza amenunua mzigo usiofaa.

Programu ya Revit ina utaratibu wa kuzuia hasara hiyo. Kwanza, msanifu anaorodhesha marekebisho: namba, tarehe na maelezo mafupi. Pili, anachora wingu kuzunguka sehemu iliyobadilika na kuiwekea namba, kwa kawaida ndani ya pembetatu. Tatu, jedwali la marekebisho lililo pembeni mwa karatasi hujijaza lenyewe. Marekebisho yakishawekewa alama kuwa yametolewa, mawingu yake hufungwa. Badiliko jingine hupewa namba mpya.

Hata hivyo, wingu huchorwa na mtu. Akisahau, nondo hubadilika na jedwali likabaki kimya.

Kwa hiyo, mkandarasi, kabla ya kusaini oda linganisha namba ya mwisho kwenye jedwali na ile ya mchoro uliokadiria nao bei. Zikitofautiana, piga hesabu upya. Zikilingana, bado muulize msanifu kama kuna lililobadilika.