Modeli ikae pembeni: somo la kuunganisha akili mnemba na programu ya unukuzi

Katika isimu ya nyanjani tunafundishwa mapema kwamba mtafiti hamsahihishi msemaji. Kanuni hiyo niliikariri tangu mwaka wa kwanza, na bado niliivunja mara sitini na moja ndani ya faili moja. Aliyeivunja kwa niaba yangu ni programu ndogo niliyoitunga mwenyewe. Katika makala haya naeleza jinsi nilivyoijenga, ilipopotokea, na jinsi nilivyoijenga upya. Nawaandikia wenzangu wanaotaka kuunganisha modeli ya mazungumzo na programu wanazotumia kwenye kompyuta zao.

Data zilitoka Runingu, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Sange katika tambarare ya Ruzizi. Mzee mmoja mkulima alikubali kunisimulia jinsi mashamba ya ukoo wake yalivyolimwa tangu ujana wake. Alizungumza Kiswahili cha kwetu, na mara kwa mara aliingia Kifuliiru. Wanawe waliomba nakala ya karatasi waiweke pamoja na hati za shamba, kwa kuwa mpaka wake mmoja una maneno. Nilikubali bila kufikiri sana.

Unukuzi niliufanya kwa ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia iliyoko Nijmegen, Uholanzi. ELAN hufunga kila kipande cha sauti na maandishi yake katika matabaka: moja la maneno ya msemaji, jingine la tafsiri, jingine la maelezo, kadiri utakavyo. Faili lake huishia na .eaf, na ndani yake ni XML ya kawaida: orodha ya nyakati, kisha matabaka na maneno yenyewe. Kwa sababu hiyo programu nyingine yoyote inaweza kulifungua, kulisoma na kuandika ndani yake. Kwa Python ipo maktaba iitwayo pympi inayofanya kazi hiyo kwa mistari michache.

Modeli niliiweka kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Mtandao wa Runingu si wa kutegemea, lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Mzee aliniruhusu mimi nimrekodi. Hakuniruhusu kuyapeleka maneno ya shamba lake kwenye seva ya watu asiowajua. Kwa hali hiyo ipo llama.cpp, mradi ulioanzishwa na Georgi Gerganov mwaka 2023 ili modeli kubwa ziweze kuendeshwa kwenye kompyuta za kawaida. Siri yake ni kuzipunguza namba. Modeli ya vigezo bilioni 7, kila kigezo kikiwa na biti 16, inahitaji takriban gigabaiti 14 za kumbukumbu. Vigezo hivyo vikipunguzwa hadi biti 4 zinatosha kama gigabaiti 4, na kompyuta mkononi ya mwanafunzi inaimudu. Itakwenda polepole, na betri iliyozoea kukaa asubuhi nzima itazimika kabla ya saa nne. Mwenye sola apange siku yake.

Ukishaiwasha, modeli inakuwa seva ndogo ndani ya kompyuta yako, kwenye anwani 127.0.0.1. Programu yako inaitumia ujumbe kama vile inavyozungumza na tovuti, ila ujumbe huo hautoki nje ya mashine. Dirisha langu nililijenga kwa Tkinter, ambayo huja pamoja na Python: sentensi kushoto, jibu kulia, kitufe kimoja chini. Tahadhari ya haraka: usiiite modeli katika uzi uleule unaochora dirisha. Dirisha litaganda, utadhani limekufa, utabonyeza tena, na utakuwa umetuma maombi mawili. Fungua uzi wa pili.

Jambo linalohitaji maelezo zaidi ni kumbukumbu. Wengi wetu hudhani modeli inakumbuka tulichoiambia dakika tano zilizopita. Haikumbuki. Kila unapouliza, programu yako ndiyo inayotuma upya mazungumzo yote tangu mwanzo, yakiwa orodha ya jumbe, kila mmoja na mhusika wake: mfumo, mtumiaji, msaidizi. Ujumbe wa mfumo hubeba maagizo ya kudumu. Mimi niliandika hivi: “Sahihisha makosa ya uchapaji katika unukuzi huu.” Kisha nikaiacha programu iandike kila jibu moja kwa moja kwenye tabaka la maneno ya msemaji, juu ya yale niliyonukuu. Nilikuwa na haraka.

Nilirudi Runingu nikiwa na karatasi, nikamsomea mzee, kama desturi inavyotaka. Nilipofika kwenye sentensi isemayo “Tulilima pale na baba,” alinyoosha mkono.

“Hapana, mutoto wangu. Mimi nilisema tulilimaka.”

Nilifungua sauti. Ni kweli, alisema tulilimaka.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuona tofauti hiyo kuwa ndogo. Kwetu si ndogo. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiishio -ka hubeba maana ya mazoea, jambo lililofanywa mara kwa mara kwa muda mrefu. Tulilima pale yaweza kuwa msimu mmoja, hata siku moja. Tulilimaka pale ni mwaka baada ya mwaka, na majirani wakiona. Katika Kiswahili sanifu ungesema tulikuwa tukilima, nayo modeli haikuandika hivyo. Ilikata kiishio ikaendelea. Kiishio hicho si uchafu wa mjini. Kina ndugu: Kinyarwanda na Kirundi vina -aga kwa kazi inayokaribiana na hiyo, na Meeussen katika kazi yake ya mwaka 1967 juu ya sarufi ya Kibantu cha kale aliunda upya kiambishi *-ag-. Karatasi niliyotaka kuwapa wanawe ilikuwa imeondoa hasa ushahidi walioutaka.

Nililinganisha faili lote na sauti. “Ile shamba ilikuwaka ya baba” ilikuwa imegeuka “Shamba lile lilikuwa la baba.” Batu wakawa watu, mu mutoni ikawa mtoni. Kwenye Kifuliiru hali ilikuwa mbaya zaidi: modeli iliyaona maneno yale kuwa Kirundi kilichoandikwa vibaya, ikayanyoosha. Sababu yake inaeleweka. Orodha ya lugha 200 za NLLB, modeli ya tafsiri iliyotolewa na Meta mwaka 2022, ina Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili, Kifuliiru hakimo. Na jina la lugha yenyewe linaandikwa Kifuliiru, Kifuliru, Kifulero, kutegemea nani aliandika na lini. Irabu ndefu, ambayo akina Van Otterloo waliieleza kwa kina katika juzuu zao mbili za mwaka 2011, modeli inaiona kama kidole kilichobonyeza mara mbili.

Kulikuwa na kosa jingine lililonichukua muda kuliona. Mwanzoni mwa faili masahihisho yalikuwa machache, kuelekea mwisho yalikuwa karibu kila mstari. Kumbuka nilichosema kuhusu kumbukumbu. Programu yangu ilituma historia yote, kwa hiyo sentensi zilizokwisha kunyooshwa zilirudi kwa modeli kama mifano ya kufuata. Ilijifunza kutoka kwake yenyewe. Kufikia dakika ya ishirini mzee wangu alikuwa anasema kama mtangazaji wa redio.

Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuongeza maagizo: “Usibadili lahaja. Acha kiishio -ka.” Yalipungua, hayakwisha. Kwa modeli agizo ni ujumbe mmoja kati ya jumbe nyingine, na inaweza kuulegeza. Kwa hiyo kizuizi nikakihamishia kwenye programu. Kwanza, kila sentensi sasa inatumwa peke yake, pamoja na sentensi mbili zilizotangulia kama mzee alivyozisema, bila majibu ya zamani ya modeli. Pili, katika ELAN niliunda tabaka jipya liitwalo “pendekezo”, lililofungwa chini ya tabaka la msemaji, kipande kwa kipande. Modeli inaandika humo tu. Tatu, kabla ya kuhifadhi, programu inalinganisha tabaka la msemaji na lilivyokuwa wakati faili lilipofunguliwa. Ikipata tofauti hata ya herufi moja inakataa. Dirishani, moduli ya difflib ya Python inaonyesha kwa rangi modeli ilipotofautiana na msemaji. Sikuweka kitufe cha “kubali”. Anayetaka kubadili neno arudi ELAN, asikilize, aandike kwa mkono wake.

Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini basi nisiiondoe modeli kabisa. Siiondoi kwa sababu inanisaidia. Rasimu za tafsiri ya Kifaransa inazitoa vizuri kiasi cha kunipunguzia nusu ya kazi, na ikiona nimeandika neno moja kwa namna mbili inanishtua. Hata kunyoosha kwake kumekuwa data: tabaka la pendekezo linanionyesha mahali Kiswahili cha Uvira kinapoachana na kile ilichofunzwa, na sura ya tatu ya tasnifu yangu inaanzia hapo.

Karatasi ya kwanza nilimwomba mzee anirudishie, nikaichana mbele ya wanawe. Ya pili ilichukua wiki mbili za kusikiliza upya. Kati ya sentensi zile sitini na moja nimezirudisha sitini. Moja, kuhusu mtaro wa maji upande wa mashariki, upepo ulipiga kipaza sauti mwishoni mwa kitenzi, na sisikii kama kuna -ka au hakuna. Nimeiandika kwa mabano na alama ya kuuliza, na wanawe nimewaeleza ni kwa nini. Nikipata usafiri nitarudi kumwuliza.